Waliosema Wameleta Moto

Niliitazama Prometheus kwa mara ya kwanza Desemba 2012, Mbugani, nikiwa na miaka 13, ndani ya banda la video ambalo wasichana hatukutakiwa kuingia. Hakukuwa na tangazo la kutuzuia. Kulikuwa na mabenchi yaliyojaa wavulana, na macho ya wavulana hao. Kaka yangu alilipa shilingi 200 zake na 200 zangu, akanionyesha pa kukaa, pembeni kabisa kwenye ukuta wa mabati, akaniambia nisiongee na mtu.

Filamu ilikuwa kwenye DVD moja iliyobanwa filamu kumi, na ilikuwa imetafsiriwa. Aliyekulia kwenye ving'amuzi huenda asijue uzito wa neno hilo. Si maandishi chini ya picha. Ni mtu amerekodi sauti yake juu ya sauti ya filamu, anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina, anakuonya kabla hujatishwa. Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, alikuwa ameshaifanya kazi hiyo kuwa sanaa yenye wapenzi wake. Aliyetafsiri ile yetu sikumjua, ila nakumbuka alivyoanza. Kwenye kioo kuna maporomoko makubwa ya maji, na juu yake amesimama mtu mmoja mkubwa, mweupe kama chokaa, hana nywele. Anakunywa kitu cheusi kwenye kibakuli. Mwili unaanza kumeguka, anaangukia majini, na vipande vyake vinakuwa mbegu za uhai. Mtafsiri akasema kwa sauti ya mchungaji wa mkutano wa hadhara: "Hawa ndio Wanefili."

Banda likanyamaza. Mwanzo sura ya 6 tuliijua wote.

Kwa wasioiona: Prometheus ni filamu ya Ridley Scott iliyotoka Juni 2012. Ni filamu ya utangulizi, yaani imetengenezwa baadaye lakini inasimulia yaliyotokea kabla. Ya zamani ni Alien, ya 1979, ambayo Scott mwenyewe aliiongoza. Katika Alien kuna wafanyakazi wa chombo cha anga wanaokuta kwenye sayari ya mbali jitu limekufa, limekaa kwenye kiti kikubwa kana kwamba mifupa yake imeota humo, na kifua kimepasuka kutoka ndani. Hakuna anayeeleza jitu hilo ni nani. Wanalipita, wanakutana na mdudu wa kutisha, hadithi inaendelea. Scott amesema katika mahojiano kwamba alishangaa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza yule jitu alikuwa nani. Basi akatengeneza filamu nzima ya kulijibu swali ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna aliyeliuliza.

Jibu lake ni hili. Mwaka 2093 chombo kinachoitwa Prometheus kinawapeleka wanasayansi kwenye mwezi wa mbali kuwatafuta waliotuumba. Wamefuata michoro ya kale: jamii zilizotengana kwa maelfu ya miaka, Misri, Maya, Sumeri na nyingine, zote zimechora jitu lile lile likionyesha nyota zile zile. Wanalikuta moja limelala. Wanaliamsha. Linawaua. Na lile fuvu la ajabu la 1979, lenye mkonga kama wa tembo, tunaambiwa lilikuwa kofia tu. Ndani yake mlikuwa na mtu.

Duniani watu waligawanyika vibaya. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 400. Roger Ebert, mhakiki maarufu wa Marekani, aliipa nyota zote nne. Wapenzi wengi wa Alien waliichukia hadi leo. Waliuliza inakuwaje wataalamu walioteuliwa kwa safari ya matrilioni wanavua kofia za hewa kwenye sayari wasiyoijua, na inakuwaje mtaalamu wa viumbe anakutana na kitu kama nyoka kinachoinua kichwa, naye anakinyooshea mkono akikibembeleza kama kuku.

Nasema kwa fahari ya kwetu kwamba hoja hizo zote zilitolewa kwenye banda la Mbugani, na hakuna aliyesoma uhakiki wowote. Mvuvi mmoja aliyetoka Itungi alisimama kabisa. "Huyu ni msomi wa wanyama? Huyu?" Wengine walidai fedha zao kwa sababu saa nzima ilikuwa imepita bila mapigano. Kijana wa benchi la mbele, aliyekuwa muumini sana, alikasirika kwa sababu nyingine: filamu ilikuwa inamtafutia Mungu baba. Kaka yangu alichotaka ni yule mdudu, na mdudu hakuja. Walichokubaliana wote ni kumshangilia nahodha, Idris Elba, kwa kuwa ni mtu mweusi na dakika ya 90 alikuwa bado hai.

Mimi nilikuwa na filamu yangu peke yangu pale ukutani. Shaw, yule mwanasayansi mwanamke, anagundua ana kitu tumboni kinachokua. Anakimbilia mashine ya upasuaji, na mashine inamjibu kwamba imewekwa kwa ajili ya wanaume tu. Wavulana walinyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa banda lile kuwaza jambo hilo.

Kisha jitu likaamshwa usingizini, likasimama, likatutazama. Mtu nyuma yangu akapiga kelele: "Nsyuka!"

Kwa Kinyakyusa nsyuka ni aliyefufuka, mfu asiyetulia. Wapenzi wa filamu za Kitanzania wanalijua jina hilo kwa sababu Mussa Banzi aliipa filamu yake mwanzoni mwa miaka ya 2000, mojawapo ya filamu za kwanza za kutisha za Kiswahili. Lakini kwetu lina ndugu zake: abasyuka ni wazee waliotangulia, wale walio chini. Hawaombwi waje. Wanapewa chakula chao ili wakae huko huko. Kwa hiyo ile kelele haikuwa utani. Ilikuwa onyo la mtu anayeona wageni wanamgongea mlango mzee ambaye ilibidi aachwe alale.

Jitu lilimng'oa kichwa yule roboti, na umeme ukakatika. Haukurudi usiku ule. Wiki nzima Mbugani ilibishana kuhusu mwisho ambao hakuna aliyeuona.

Miaka kumi baadaye nilikuwa Dar es Salaam, nikianza shahada ya uzamili ya historia, na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimelelewa ndani ya hadithi nyingine ya utangulizi.

Ukisimama Mbugani asubuhi isiyo na ukungu, ukatazama mashariki kupita mashamba ya mpunga na minazi, unaiona Milima ya Livingstone ikipanda kutoka ziwani kama ukuta. Huko ndiko Ukinga. Na kila mtoto wa Kinyakyusa anaambiwa, mapema au baadaye, kwamba kutoka huko walishuka machifu. Waliwakuta watu wa bondeni hawana moto, hawana ng'ombe, hawana chuma, wanakula vitu vibichi. Walioshuka walikuja na vyote hivyo, na kwa sababu hiyo wakatawala.

Katika hadithi za Wagiriki, Prometheus ni yule aliyewaletea binadamu moto. Sikuiona wala sikuihisi siku ile bandani. Niliiona maktabani, nikiwa na kitabu cha Monica Wilson mbele yangu, na nilicheka peke yangu hadi mlinzi akanitazama.

Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti kwetu kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki 1944, na Monica aliendelea kuandika kutokana na madaftari yao kwa miongo. Mkalimani na msaidizi wao mkuu alikuwa Leonard Mwaisumo, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba jina lake lingestahili kukaa karibu zaidi na jalada. Katika kitabu cha 1959 kuhusu ibada za Wanyakyusa, Wilson anaiweka hadithi ya moto kama msingi wa kila kitu. Machifu walifika kama vizazi kumi kabla ya wakati wake. Mkuu wao wa kiibada alikuwa Lwembe, aliyekaa Lubaga. Ndugu yake wa upande wa Ngonde, ng'ambo ya Mto Songwe, ni Kyungu. Nguvu ya mvua, uzazi na rutuba ilikuwa ndani ya mwili wa Lwembe.

Ndani ya mwili, narudia. Lwembe hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa. Akianza kudhoofika, makuhani wake walimkata nywele na kucha angali hai, wakazifukia kwenye tope la mto ili nchi iendelee kuzaa, kisha wakaiziba pumzi yake. Wilson aliambiwa kwamba wana wa ukoo huo walikikimbia kiti hicho, na mimi siwalaumu.

Nilipoisoma sehemu hiyo niliiona tena picha ya kwanza ya filamu, mtu mweupe anameguka majini ili nchi izae. Sisemi Scott alimsoma Wilson. Nadhani hadithi za asili zina njia zake chache na wote tunapita humo humo.

Ila kuna jambo kwenye filamu lililonisumbua zaidi, nalo halihusu kofia wala nyoka. Ni ile orodha ya michoro. Nyuma yake kuna wazo lililopata umaarufu mwaka 1968, Erich von Däniken alipochapisha kitabu kilichodai kwamba watu wa kale walifundishwa na wageni kutoka angani. Wazo lenyewe lina binamu mzee zaidi hapa Afrika Mashariki, na binamu huyo hakuwa mchezo. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alieleza falme za Maziwa Makuu kuwa kazi ya wavamizi kutoka kaskazini, watu wa damu nyingine. C. G. Seligman akalifanya wazo hilo kuwa kanuni katika kitabu chake cha 1930 kuhusu mbari za Afrika: palipo na ustaarabu, mtafute Mhamiti aliyeuleta. Zimbabwe Kuu ilipewa Wafoinike na Malkia wa Sheba, hata baada ya Gertrude Caton-Thompson kuchimba mwaka 1929 na kusema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Rwanda inajua gharama ya wazo hilo kuliko nchi yoyote.

Kwa hiyo hadithi inayosema kuna waliokuja na moto na kuna waliokuwa wakila vibichi si hadithi tu. Mwaka 1926 serikali ya Gavana Donald Cameron ilitunga sheria ya mamlaka za wenyeji, na kuanzia hapo kuwa mjukuu wa aliyeleta moto kulikuwa na maana ya kiti cha baraza na mshahara. Akina Wilson walifika miaka minane baadaye. Walioketi nao na kuwasimulia asili ya nchi walijua vizuri kwamba asili ilikuwa na bei.

Wasomi waliofuata waligawanyika karibu kama banda la Mbugani. Simon Charsley mwaka 1969 aliitazama upya historia ya machifu hao. Marcia Wright, katika makala ya 1972, aliirudisha ibada ya Lwembe ndani ya siasa za karne ya 19. Mwaka uliofuata Michael McKenny akaihoji picha ya Wilson ya muundo mzima wa jamii. Upande wa Malawi, Owen Kalinga aliandika historia ya ufalme wa Ngonde akiwa na masikio ya mtu wa huko. Kila mmoja anaivua hadithi kofia, na kila mmoja anakuta ndani mtu wa kawaida mwenye sababu zake.

Kuhusu moto wenyewe hakuna ubishi wa kuumiza kichwa. Mwaka 2012, miezi michache kabla Prometheus haijatoka, watafiti walitangaza kwamba majivu ya pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, yana miaka kama milioni moja. Mwaka 1991 taya la mmoja wa binadamu wa mwanzo kabisa lilipatikana Uraha, upande wa Malawi wa ziwa letu hili hili, lina miaka takriban milioni 2.4. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Rukwa na Zambia, kuna magogo yaliyochongwa na kuunganishwa miaka 476,000 iliyopita, kabla spishi yetu haijakuwepo. Na kaskazini mwa Malawi chuma kilikuwa kikiyeyushwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya vile vizazi kumi vya Wilson. Hakuna siku katika historia ya bonde la Kyela ambayo mtu alikaa gizani akitafuna kitu kibichi akisubiri chifu ashuke.

Basi kwa nini hadithi hiyo ilisimuliwa, ikaaminika, na na nani? Hilo ndilo nililokwenda nalo nyumbani.

Lazima niseme jinsi nyumba yetu ilivyo. Bibi yangu, mama yake baba, alitoka kwenye ukoo wa machifu. Babu alitoka kwa watu wa kawaida, watu wa bondeni. Machifu walifutwa kisheria mwaka 1963, lakini bibi hakuwa na taarifa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Umeniletea nini kutoka Dar?"

"Nimekuletea swali."

"Swali halipikiki."

Nilimsomea Wilson, nikimtafsiria. Nilipofika kwenye watu waliokula vibichi alinisimamisha kwa mkono.

"Vibichi vipi? Ndizi?"

"Hawakusema."

"Na maharage je? Mabichi? Hao wangekufa wote kabla hao wengine hawajamaliza kushuka mlimani."

Bibi alikuwa anachambua mchele hatua chache kutoka pale. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba babu yangu ana wivu, na kwamba wivu huo ni wa zamani.

Babu hakumjibu. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Moto tulikuwa nao. Wao waliuzima."

Nilidhani ni methali, nikaiandika kama methali. Haikuwa methali. Alikuwa anazungumzia ubusoka, ile sherehe ya kuwatoa machifu vijana, iliyofanyika mara moja kwa kizazi, wakati nchi inapokabidhiwa kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Wilson anaieleza vizuri. Siku hiyo mioto yote ya nchi ilizimwa. Kila jiko, kila nyumba. Kisha moto mpya ukapekechwa kwa vijiti, na kutoka kwenye huo kila nyumba ikachukua wake. Babu alisimuliwa na baba yake, ambaye alisimuliwa na mama yake. Na huyo mama, alisema babu, siku ya kuzima alichukua kaa moja, akalifukia kwenye jivu ndani ya chungu cha Wakisi, chungu kama vile vinavyouzwa Lyulilo mpaka leo, akakiweka nyuma ya kuni. Watu walipokuja kukagua waliona jiko jeusi. Jioni akapokea moto wa chifu kwa magoti, kama wenzake wote. Na kaa lake lilikuwa linaendelea kuishi nyuma ya kuni.

"Ukitaka kuleta moto," babu akasema, "lazima kwanza nyumba iwe giza."

Nilikuwa nimeisoma ibada hiyo mara nne. Nilikuwa nimeandika pembeni kwa kalamu: upya, utakaso, mwanzo wa zama. Sikuwahi kuwaza jambo hilo rahisi kabisa, kwamba kwa saa kadhaa kila kizazi hadithi ile ilifanywa kuwa kweli. Watu wa bondeni kweli hawakuwa na moto. Machifu kweli waliuleta. Mtoto aliyeiona siku hiyo angeweza kuapa, hata mbele ya mgeni mwenye daftari, kwamba aliona kwa macho yake.

Baada ya hapo niliirudia Prometheus na nikaelewa hasira ya wapenzi wa Alien kwa namna ambayo vichekesho vya kofia havielezi. Kwa miaka 33 kila mtu alikuwa na jitu lake. Mmoja aliliona kama rubani, mwingine kama mnyama, mwingine kama mungu aliyekufa, na kila mmoja alilipasha moto wake kwenye jiko lake. Kisha mwenye filamu akaja akasema zimeni yote, huu hapa moto rasmi. Mwaka 2017 akaongeza Alien: Covenant, akajibu hata zaidi, na watu wakakasirika zaidi. Siwezi kudai kwamba hasira ya mtazamaji wa sinema ni sawa na ya mtu aliyeambiwa mababu zake walikula maharage mabichi. Ila zinatoka upande mmoja.

Sasa niwe mkweli kuhusu kazi yangu, kwa sababu mimi nami nimeshazima mioto ya watu.

Katika kitabu cha Wilson, Kyala ni mmoja wa mashujaa wa kale, katika kundi moja na Lwembe, mwenye mahali pake pa ibada karibu na ziwa. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin, waliofika kwetu mwaka 1891, walihitaji neno la Kinyakyusa la Mungu. Walichukua Kyala. Wilson aliamini kwamba ni katika miaka hiyo Kyala alipanda kutoka shujaa hadi Mwenyezi. Wapo wasiokubali, na mimi mwenyewe nayumba. Lakini likizo moja, nikiwa na furaha ya mtu aliyesoma jambo jipya, nilimwambia mama jikoni kwamba huenda Kyala alikuwa mtu.

Mama anaimba kwaya. Alimzika mdogo wangu akiliita jina hilo. Aliweka sufuria chini, akanitazama, akasema: "Na wewe ukifa nimwite nani? Mwalimu wako?"

Ndiyo kofia na mtu ndani yake, na mimi ndiye niliyeivua, tena nikitabasamu. Sijafuta sura hiyo ya tasnifu, maana siamini kwamba mwanahistoria anapaswa kuficha kilichoandikwa. Lakini nimeiandika upya mara tatu. Nilipoianza ilikuwa inasema Kyala alikuwa nani. Sasa inasema nani alisema Kyala alikuwa nani, lini, na mbele ya nani. Ni ndefu zaidi na haina furaha ile.

Msimamizi wangu aliisoma sura ya moto akawa na mashaka. Kaa la mama mkubwa huyo ni ushahidi wa mtu mmoja, alisema, umepita midomo mitatu, kutoka kwenye nyumba yenye ugomvi wa ndoa. Yote ni kweli. Nilimjibu kwamba hadithi ya kuleta moto nayo ilipita midomo, kutoka kwa wenye mishahara. Alicheka, akaandika pembeni: "Sawa, lakini tafuta wengine." Nimetafuta. Mzee mmoja Ipinda alisema ni uongo mtupu, hakuna aliyethubutu kuficha moto, angeugua. Bibi mmoja Matema alisema kila mwanamke mwenye akili alificha. Baba yangu mkubwa, wa upande wa bibi, aliacha kupokea simu zangu.

Kuna neno moja ambalo wote wanalikubali, hata baba mkubwa kabla hajakasirika. Machifu walikuwa na moto, lakini watu wa kawaida walikuwa na embepo, pumzi. Chifu akiwaonea watu, pumzi yao ilimwingia kama baridi akaugua. Wilson alilipa jambo hilo uzito mkubwa, akaliweka hata kwenye jina la mhadhara wake wa 1959 kuhusu wafalme watakatifu na pumzi ya watu. Nilimuuliza babu kama anaiamini. Alisema haamini, ila hajawahi kuona moto unaowaka bila kupulizwa.

Agosti iliyopita nilikwenda Mbugani na kompyuta yangu. Lile banda la video halipo. Pale sasa pana duka la vifaa vya simu, na waliokuwa wavulana wa mabenchi wanatazama filamu kiganjani. Nilimwambia babu nataka kumwonyesha filamu niliyotoroka kwenda kuitazama nikiwa mtoto, ile ambayo sikuwahi kumwambia. Alisema alijua, kaka yangu alikuwa amenisemea usiku ule ule.

Tulikaa barazani. Bibi alikataa kuja, kisha akaleta kigoda chake akakaa nyuma yetu, anasikiliza. Niliweka mwanzo, yale maporomoko. Yule mtu mkubwa mweupe akatokea, akavua joho, akafungua kibakuli, akanywa. Mkono ukaanza kupasuka, akapiga magoti, akaanguka. Maji yakambeba.

Babu alisogeza uso karibu na kioo.

"Simamisha," akasema. Nikasimamisha. "Huyu amekunywa mwenyewe, au amenyweshwa?"

Nilisema amekunywa mwenyewe, yuko peke yake.

"Na kile kilichokuwa kinaondoka angani?"

Kuna chombo, kweli, kinaondoka kwenye mawingu wakati anakunywa. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara nane au tisa.

"Hao ndio makuhani wake," bibi akasema kutoka nyuma. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha, tukaangalia tena.